Droni ya Marehemu (Sehemu ya Sita)

Uliyeanza kunisoma leo, vuta kiti, hujakosa mengi. Ni mabaya tu, na mabaya hayaishi haraka.

Mume wangu alikuwa mrusha droni. Kila mwezi kampuni ya maji ilimtuma akapige picha za ukuta wa bwawa, waone kama umepata nyufa. Siku moja, saa mbili asubuhi, mlinzi alikuta viatu vyake juu ya ukuta ule, vimepangwa pamoja, soksi zimekunjwa ndani. Mwenyewe hakuonekana. Droni nayo haikuonekana.

Wazamiaji walitafuta siku nne wakachoka. Askari akaandika kwamba alivua viatu kwa sababu ya utelezi, akateleza hivyo hivyo. Hayo ndiyo maelezo tuliyokaa nayo kwa siku ishirini na sita.

Mlio nami tangu mwanzo mnajua kwamba silii. Wengine mmeniandikia mkiuliza nina moyo wa namna gani. Sijui. Nakula nikipewa, nalala nikiambiwa, na tangu siku ile bwawani masikio yangu yanavuma. Daktari aliyamulika kwa tochi akasema hayana kitu.

Wiki iliyopita niliwaacha pale shemeji alipoingia na beseni. Ndani ya beseni mlikuwa na droni. Mfuga nyuki mmoja aliikuta imenasa mtini, ng'ambo ya bwawa, alipokwenda kukagua mizinga yake. Mkono mmoja umevunjika, shingo ya kamera inaning'inia, na sisimizi wameshahamia.

Shemeji aliliweka beseni mezani polepole. Akasema ameshaitazama, mahali pa kadi ni patupu, kwa hiyo hakuna picha humo. Ameileta tu kwa sababu ni mali yangu.

Sasa niseme nililolificha tangu sehemu ya kwanza. Kadi ilikuwa kwangu.

Jioni ya kuamkia siku ile niliichomoa nihamishe picha za mahafali ya wifi. Nikaitia mfukoni mwa koti langu la kazini, nikaisahau humo. Asubuhi mume wangu aliondoka kabla sijaamka. Saa kumi na mbili na nusu akanipigia simu. Niliiona ikiita. Nilikuwa napiga mswaki, nikaiacha.

Hatukuwa tumegombana. Sisi tulikuwa hatugombani. Tulishafika mahali pa kuulizana chumvi iko wapi na nani atafunga mlango, basi. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi mshindo sikuusikia.

Kwa hiyo siku zote hizo nimekuwa nikiliona jambo hili hivi. Kapanda ukutani, kaiwasha droni, imemlilia kwamba haina kadi. Kanipigia, sikupokea. Kainamia rimoti anabofya huku akirudi kinyumenyume, na ukuta unateleza. Niliamini nimemuua mimi, kwa kitu kidogo kuliko ukucha. Koti lile nimelivaa kazini kila siku, kadi ikiwa mfukoni, na sikumwambia mtu.

*

Mama mkwe alihamia kwetu tangu siku ile. Analala kwenye kochi, uso umeelekea mlangoni.

Meno yake ya juu nimeyatengeneza mimi. Ndiyo kazi yangu, natengeneza meno ya bandia. Miaka tisa ya ndoa amenisema kwa meno niliyompa mwenyewe, na nilishazoea. Siku ya pili ya msiba huu aliyavua akayatia kwenye glasi ya maji, juu ya kabati la vyombo. Akasema atayavaa siku atakayojua mwanawe yuko wapi. Mpaka hapo ni uji, na uji wenyewe vijiko vitatu. Mashavu yakaingia ndani. Daktari wa masikio yangu alipomwona sebuleni aliniambia nimwangalie huyo, si masikio.

Baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alikuwa ameshapanga. Jumamosi watu wakusanyike, tulie, tumalize. Huwezi kuweka ukoo mzima mlangoni kumngoja mtu aliyemezwa na maji. Mama mkwe alikataa. Alikataa bila meno, maneno yakitoka nusu nusu, lakini kila mtu alielewa.

Alipoiona droni kwenye beseni alinyanyuka kwenye kochi.

"Hii ilikuwa naye?"

Nikamwambia ndiyo.

"Itengeneze. Nataka kuona alichokiona mwanangu mwisho. Nikiona, Jumamosi yenu nitaikubali."

Shemeji akarudia habari ya kadi. Mama mkwe hakumtazama.

"Fundi ni huyu, si wewe."

Na kweli kulikuwa na jambo shemeji hakulijua. Droni ile ina kumbukumbu nyingine tumboni. Ikikosa kadi inahifadhi humo, dakika chache tu. Lakini huwezi kuisoma mpaka droni yenyewe iwake, na ile ilivyokuwa, ungedhani imepitiwa na trekta.

*

Alhamisi mchana nilitandika kitambaa cheupe kwenye meza ya kulia chakula. Nikapanga vifaa nilivyotoka navyo kazini, kibano, lenzi ya kukuzia, vijisu, msasa. Pasi ya kuchomelea ilikuwa yake, na mpini wake ulikuwa na alama za meno. Alikuwa na tabia ya kuung'ata anapofikiri.

Si mara ya kwanza kuitengeneza. Ilishaanguka mara tatu, na mara zote tuliikalia mezani pale wawili, yeye kwenye waya, mimi kwenye vitu vidogo vinavyotaka mkono usiotetemeka. Nikihesabu vizuri, mazungumzo yetu marefu kuliko yote yalikuwa yale. Nipe kibano. Shika hapa. Usipumue.

Nilikosa skrubu mbili. Nikaenda kabatini, nikashusha boksi la droni yetu ndogo ya zamani, maana humo ndimo alimokuwa akitupia skrubu za akiba. Boksi lilikuwa jepesi. Droni ndogo haimo, rimoti haimo, chaja haimo. Nikakumbuka aliniambia ameiuza kwa mpiga picha wa harusi. Kauza bila boksi, nikasema, ndivyo alivyo. Nikachukua skrubu zangu.

Betri iliyokuwamo ilikuwa imevimba, nikaitoa nje uani na kuifunika kwa mchanga. Nikachukua ya akiba kwenye droo yake. Waya mwekundu ulikuwa umekatika ndani ya mkono uliovunjika, na uchi wake umegusa mweusi. Ndiyo maana haikuwaka. Nikazitenganisha, nikazichomelea upya. Utepe wa kamera ulikuwa umechomoka tu, haukuchanika, nikaurudisha mahali pake kwa kibano. Mikono yangu ilikuwa mitulivu mno. Nilijichukia kidogo kwa utulivu ule.

Mama mkwe alivuta kiti karibu. Alikuwa na bakuli la maji ya vuguvugu na vijiti vya pamba.

"Hatuna mwili wa kuosha," akasema. "Nipe hii nioshe."

Nikampa. Akaosha mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akatoa sisimizi mmoja mmoja, hakuua hata mmoja. Alipokuwa akifuta tumbo la droni alikuwa akinong'ona jina la utotoni la mwanawe, lile la nyumbani ambalo hata mimi nilikatazwa kulitumia. Nikadhani nitalia. Nikangoja machozi. Hayakuja.

Mkono wa nne ulikataa gundi. Ukiushika unashika, ukiuachia unaanguka. Basi nikafanya ninachokijua. Nikachanganya unga wa ufizi, ule wa waridi tunaotengenezea meno, nikauvika mkono pande zote, nikauacha ugande, nikaupiga msasa.

Mama mkwe akautazama.

"Umeipa ufizi."

"Ndio uliokuwepo, mama."

"Basi na meno uitie, ituume vizuri."

Akacheka, mdomo mtupu. Nami nikacheka, au niseme nilitoa ile sauti. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kusikia kicheko tangu vile viatu.

Nikapachika betri. Nikabonyeza mara moja, kisha nikabonyeza nikashikilia. Ikatoa mlio. Taa ya kijani ikawaka kwenye mkono wa waridi. Shingo ya kamera ikatetemeka, ikageuka kushoto, kulia, kisha ikainua kichwa na kututazama.

"Inapumua," akasema mama mkwe.

Nikaiunganisha na kompyuta. Tumboni mlikuwa na faili moja. Dakika tisa.

Mama mkwe aliliona jina la faili likitokea, akasimama. Nilidhani atasogea karibu. Badala yake akachukua beseni lile lile la shemeji, akalitia nguo zilizokuwa zimelowekwa, akasimama nalo mlangoni.

"Tazama wewe kwanza. Kama kuna kibaya, unikatie. Mimi nitakuwa naanika."

*

Mume wangu alikuwa na desturi yake. Anaanza kurekodi droni ikiwa bado chini, halafu ndipo anainama kufuta kioo cha kamera kwa pindo la shati. Nilimsema sana kwa hilo, maana kila picha yake ilianza na tumbo.

Ikaanza na tumbo. Shati la bluu, lile la siku ile. Pindo likafuta, likaondoka, akarudi nyuma hatua tatu, na nikaona miguu yake. Mitupu. Kidole cha pili kimempandia kidole gumba, kwenye miguu yote miwili. Hakuna mwingine mwenye miguu ile isipokuwa mama yake.

Nikajiambia, ndiyo hivyo, kavua viatu, yuko ukutani, zimebaki dakika chache ateleze. Nikashika meza.

Lakini chini ya miguu hapakuwa na ukuta. Palikuwa na majani makavu.

Droni ikapaa. Ikapita matawi, ikatokea juu ya maji, maji mengi ya rangi ya chai. Mbele, mbali, ukuta wa bwawa. Na juu ya ukuta kulikuwa na watu.

Sikuelewa. Mlinzi alisema alivikuta viatu hakuna mtu. Nikadhani ni wafanyakazi, ni picha ya mwezi mwingine. Droni ikasogea. Watu wakawa wakubwa. Nikamtambua askari kwa kofia yake. Nikamtambua shemeji. Kuna mama amekaa chini kanyoosha miguu, kitambaa cha kichwa kimedondoka, watu wawili wamemshika mabega. Pembeni yake kuna mwanamke mwenye koti jeupe, amepiga magoti, kiatu kimoja kipo mapajani mwake.

Nilikuwa mimi.

Nikatazama saa kwenye faili. Saa nne na dakika hamsini asubuhi. Viatu viliokotwa saa mbili.

Droni ilisimama juu yetu dakika nne. Ilishuka kidogo, ikanitazama, ikamtazama mama yake, ikarudi kwangu. Nikajiona nikilishika koti langu, nikiingiza mkono mfukoni na kuutoa mtupu. Nikakumbuka. Ndipo nilipoigusa kadi na kujua nimeua. Na ndipo masikio yangu yalipoanza kuvuma. Mlango wa bwawa ulikuwa ukinguruma, watu wanalia, na katikati ya kelele zote nilisikia kama nyuki. Sikuinua kichwa. Mtu akiwa na kiatu cha mumewe mapajani haangalii juu.

Kisha droni ikageuka, ikarudi ilikotoka. Maji, miti, tawi moja limekuja kasi, majani, anga, giza.

"Sikumuua," nikasema kwa sauti, peke yangu mezani.

Nikangoja furaha kwamba mume wangu yu hai. Haikuja. Nikangoja hasira. Nayo haikuja. Kilichokuja ni aibu, ile ya mtu aliyechunguliwa akiwa bafuni. Alivua viatu, akavipanga, akazunguka bwawa kwa miguu mitupu, akakaa msituni mpaka tulipofika, halafu akatupiga picha tunavyomlilia. Kisha akaondoka. Anakimbia nini, kwenda kwa nani, sijui. Sikuwahi kumuuliza kitu tangu enzi za chumvi iko wapi.

Kadi ingekuwamo, shemeji angeichomoa na ukoo mzima ungeona. Kwa usahaulifu wangu, nimeona mimi tu.

Dirishani mama mkwe alikuwa akikung'uta shuka. Shuka lenyewe lilikuwa linamzidi nguvu. Alikung'uta mara mbili, akapumzika, akakung'uta tena.

Nikamwita.

*

Alikaa akafuta mikono kwa gauni. Nikaiwasha faili mwanzo. Tumbo, pindo la shati, hatua tatu. Miguu ilipotokea nikabonyeza, ikasimama.

Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akaweka kidole juu ya kile kidole kilichopanda, akakipapasa. Halafu akavua ndala yake, akaleta mguu wake juu ya kiti, akautazama, akatazama na ule wa kwenye kompyuta.

"Huu nilimpa mimi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na baada ya hapo aliona nini?"

Wasomaji, mnaweza kunihukumu kuanzia hapa. Alikuwa amenipa ruhusa ya kukata kibaya. Lakini mpaka leo sijui kibaya kilikuwa kipi, mwanawe kufa au mwanawe kuishi.

"Maji," nikasema. "Maji tu, mama."

Sikusema uongo. Baada ya miguu kweli yanafuata maji.

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha akainuka, akaenda kwenye kabati la vyombo, akayatoa meno yake kwenye glasi, akayapangusa, akayavaa. Akaomba mkate. Akautafuna ukoko kwanza, kama alivyozoea.

"Mwambie baba yenu mdogo Jumamosi sawa," akasema kinywa kikiwa kimejaa. "Sasa naweza kumlilia mwanangu."

Nikapiga simu. Mwanamke mmoja ametafuna kwa mara ya kwanza katika siku ishirini na sita, kwa kuoneshwa kwamba mwanawe amekufa, na picha aliyooneshwa ndiyo ushahidi kwamba hakufa. Nilihamishia faili kwenye kadi, kadi ile ile, nikafuta tumbo la droni. Kadi nikaitia mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

*

Jumamosi mchana uani kwetu palijaa. Viti vya kukodi, turubai, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Hapakuwa na jeneza, kwa hiyo mama mkwe aliweka meza ndogo mbele, juu yake picha ya mume wangu, na kando ya picha ile droni yenyewe, safi, na mkono wake wa waridi. Watoto waliikazia macho wakafukuzwa.

Nilikaa chini pembeni ya mama mkwe. Mkono wangu ulikuwa mfukoni mwa gauni jeusi. Watu walikuja mmoja mmoja kunipa pole, na mimi niliwashukuru mmoja mmoja, na wakiondoka nilisikia wakinong'onezana kwamba huyu hata chozi hana.

Baba mdogo akasimama. Akasema ndugu zangu, tumengoja, tumetafuta, tumeomba, na mama mzazi wa marehemu ameridhika kwa macho yake mwenyewe. Pale aliposema marehemu, kilio kikapanda kutoka upande wa wanawake. Shemeji alijifunika uso kwa kofia. Nikajitahidi na mimi. Nilitaka kulia kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Ndipo masikio yangu yakaanza.

Nilishayazoea, sikuyajali. Yanavuma yananyamaza, yanavuma yananyamaza. Nikaitazama droni mezani. Mapanga yake yalikuwa yametulia, na betri yake nilikuwa nimeichomoa mwenyewe asubuhi, iko kwenye droo.

Mvumo haukunyamaza. Ulikuwa mwembamba kuliko wa siku zote, wa kitu kidogo. Nikalikumbuka boksi lile jepesi kabatini, lisilo na droni, lisilo na rimoti, lisilo na chaja.

Safari hii nikainua kichwa. Kati ya turubai na ukuta wa jirani kulikuwa na kipande cha anga, na jua liliniingia machoni, sikuona kitu.

Nikamgeukia mama mkwe. Watu wote wameinamisha vichwa. Yeye alikuwa ameshainua wake, sikuwahi kumwona amekaa wima hivyo, macho yamefuata kitu polepole kutoka ukingo wa turubai kwenda juu ya paa letu. Hakuwa analia. Alinishika kiwiko cha ule mkono wangu ulioishika kadi, akanisogelea sikioni.

"Siku ile bwawani pia walipita nyuki hawa," akasema. "Mwanangu, ile picha uliikata wapi?"